Jina la mruko wa Axel lina maana gani, na je, lina uhusiano na ekseli?

MfasiriWaMichezo anauliza:

Ndugu wanajukwaa,

Ninatafsiri kwa Kiswahili maelezo ya mashindano ya kuteleza kisanii kwenye barafu, yaani mchezo ule ambao mchezaji huvaa viatu vyenye bamba la chuma chini ya soli, akateleza kwa kufuata muziki na kuruka huku akijizungusha hewani. Kazi ilikwenda vizuri hadi nilipofika kwenye majina ya miruko. Upo mruko mmoja ambao watangazaji hawachoki kuutaja, nao ni Axel, na kila unapokaribia sauti zao hupanda, jambo linaloonyesha kwamba si mruko wa kawaida.

Kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumwuliza, nilifuata sikio langu. Nilisikia neno ambalo kila fundi wa magari analijua, ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu, nikaona maana inakubali kabisa: mchezaji hujinyoosha wima, hukunja mikono kifuani, mwili wake ukawa kama mhimili, kisha akazunguka. Basi nikaandika "mruko wa ekseli" katika kurasa kumi na mbili. Niliporudia maandishi ya asili ndipo nilipogundua kwamba neno lenyewe huanza kwa herufi kubwa na kwamba tahajia yake si ile ya chuma cha gari. Tangu hapo sijaweza kuendelea.

Naomba kujua jina hili limetoka wapi na lina maana gani. Tena kuna hesabu inayonitatiza. Maelezo yanasema kwamba Axel ya mzunguko mmoja ina mzunguko mmoja na nusu, na ile ya mizunguko mitatu ina mitatu na nusu. Nusu hiyo inatoka wapi, na mbona miruko mingine haina? Nimejiuliza kama huenda neno Axel lenyewe ndilo lenye maana ya hiyo nusu.

MakaliYaNje anajibu:

Axel ni jina la mtu. Ni Axel Paulsen, Mnorwei aliyezaliwa mwaka 1855 na kufariki mwaka 1938, naye ndiye aliyeuonyesha mruko huo katika mashindano ya kimataifa yaliyofanyika Vienna mwaka 1882. Halina maana ya nusu wala ya mhimili. Kwa hiyo "mruko wa ekseli" inabidi uondoke katika kurasa zote kumi na mbili, na mahali pake uandike "mruko wa Axel", kwa herufi kubwa, kama unavyoandika jina la mtu yeyote.

KochaWaBarafu anajibu:

Mwenzangu hapo juu amejibu kuhusu jina. Mimi nitashughulikia hiyo nusu, kwa sababu usipoielewa nusu hutaelewa kwa nini jina la Paulsen limedumu kwa karne nzima na zaidi, wakati majina ya mabingwa wengi wa zama zake yamesahaulika.

Anza na bamba la kiatu. Ukilitazama kwa karibu utaona kwamba upande wake wa chini umechimbwa mfereji mwembamba kwa urefu wote, hivyo kila bamba lina makali mawili, ya ndani na ya nje, na mchezaji hutegemea ama haya ama yale kulingana na upande anaouinamia. Mbele kabisa bamba lina meno. Miruko mikuu inayohesabiwa katika mashindano ni sita, nayo hutofautishwa kwa jinsi mchezaji anavyoondoka kwenye barafu, kwa sababu akishakuwa hewani yote hufanana na anapotua yote hufanana pia. Katika mitatu, ambayo ni tolupu, flipu na Lutz, mchezaji huchoma barafu kwa meno ya mguu mmoja ili ajirushe. Katika mitatu mingine, Salchow, lupu na Axel, hakuna kuchoma: nguvu yote hutoka kwenye makali na goti.

Sasa zingatia mwelekeo. Kutua ni kwa namna moja tu: mchezaji hutua kwa mguu mmoja, juu ya makali ya nje, akienda kinyumenyume. Katika miruko mitano huondoka pia akienda kinyumenyume, kwa hiyo akizunguka mara moja, mbili au tatu kamili, anarudi kwenye mwelekeo aliokuwa nao na kutua bila tatizo. Axel peke yake huanza mchezaji akiwa ametazama mbele, anakokwenda, juu ya makali ya nje ya mguu ambao kwa wengi ni wa kushoto. Akizunguka mara moja kamili atakuwa bado ametazama mbele, na hawezi kutua salama hivyo. Ni lazima aongeze nusu ili mgongo uelekee anakokwenda. Hiyo ndiyo nusu unayoiuliza, ndugu Mfasiri. Haikuwekwa kama pambo, wala hakuna aliyeichagua. Imeletwa na mwelekeo wa kuondokea.

Wanaoanza hufundishwa kwanza mruko wa walsi, ambao huondokea mbele juu ya makali yale yale na kuzunguka nusu tu. Mimi huuita mama wa Axel, kwa maana ukiuongezea mzunguko mmoja kamili umekwisha kuipata. Lakini kati ya mama na mtoto kuna miezi mingi ya kuanguka, na wapo wanaohitaji miaka. Mtu anayeruka kinyumenyume haoni anakokwenda. Anayeruka Axel anaiona barafu yote ikiwa mbele yake, na mwili wake humwambia asifanye. Nimewaona wanafunzi wenye nguvu za kutosha na mbinu sahihi wakifika mahali pa kuondokea, wakasita, wakapita tu, mara kumi mfululizo. Siku mmoja wao anapoipata, wenzake wote uwanjani huacha walichokuwa wakifanya na kumpigia makofi.

Ukitaka kuona thamani ya nusu hiyo kwa tarakimu, tazama alama za msingi zinazotolewa kabla ya waamuzi kuongeza au kupunguza kwa ubora. Kwa mizunguko mitatu, flipu hupewa 5.30 na Lutz hupewa 5.90, tofauti ya 0.60 tu. Axel hupewa 8.00. Yaani kutoka Lutz hadi Axel kuna 2.10, nayo ni bei ya nusu mzunguko pamoja na ule ugumu wa kuondokea mbele.

Historia inasema vivyo hivyo. Paulsen aliruka mwaka 1882, na jambo linalonistaajabisha hadi leo ni kwamba alikuwa amevaa viatu vya mbio, ambavyo bamba lake ni refu na halikutengenezwa kwa ajili ya kuruka. Alikuwa mkimbiaji hodari wa barafu pamoja na kuwa mtelezaji wa kisanii, na katika mashindano yale ya Vienna alishika nafasi ya tatu. Katika miaka ya 1920 Sonja Henie, naye pia wa Norwei, aliuingiza mruko huo katika mchezo wa wanawake. Axel ya mizunguko miwili ilisubiri hadi Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1948 huko St. Moritz, ilipotuliwa na Mmarekani Dick Button. Ile ya mitatu ilitua mwaka 1978 mjini Ottawa kwa miguu ya Mkanada Vern Taylor, na mwanamke wa kwanza kuitua mashindanoni alikuwa Midori Ito wa Japani, mwaka 1988. Ya minne wengi waliamini haiwezekani. Yuzuru Hanyu aliijaribu mbele ya dunia nzima katika Olimpiki ya Beijing, Februari 2022, akaanguka. Septemba ya mwaka huo huo Ilia Malinin wa Marekani akaitua mjini Lake Placid. Hesabu mwenyewe: kutoka moja hadi mbili miaka 66, kutoka mbili hadi tatu miaka 30, kutoka tatu hadi nne miaka 44.

ShinaLaNeno anajibu:

Nimefurahi kulisoma swali hili, na ningependa kumtetea kidogo ndugu Mfasiri, kwa sababu kosa lake ni la mtu anayesikiliza lugha kwa makini. Tena neno alilolifuata lina ukoo wa ajabu, unaokaribia kumpa haki.

Tuanze na jina. Axel ni jina la Kiskandinavia lililofupishwa kutokana na jina la Kiebrania ambalo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kama Absalomu, yule mwana wa Daudi. Lilipokwenda kaskazini pamoja na Ukristo lilibanwa katika vinywa vya watu, silabi zikaanguka moja baada ya nyingine, likabaki Axel. Huko Denmaki alikuwapo askofu mkuu wa karne ya 12 aitwaye Absalon, anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mji wa Copenhagen, naye katika masimulizi ya watu wake huitwa pia Axel. Hapo umbo refu na umbo fupi yanakutana kwa mtu mmoja.

Absalomu kwa Kiebrania lina sehemu mbili: *ab*, yaani baba, na *shalom*, yaani amani. Maana yake ni "baba ni amani" au "baba wa amani". Sasa, *shalom* ya Kiebrania na *salaam* ya Kiarabu ni maneno ya shina moja, na sisi tunaotumia Kiswahili tumepokea kutoka shina hilo salamu, salama na salimini. Kwa hiyo ukiuliza maana ya Axel, jibu kamili ni kwamba mruko umeitwa kwa jina la Paulsen, na jina la Paulsen, likifuatwa hadi chini kabisa, limebeba neno lile lile tunalolitumia tunapomtakia mtu afike salama. Sisemi kwamba waliouita mruko hivyo walikuwa na habari hii. Nasema tu kwamba imo ndani ya jina.

Upande wa pili kuna ekseli. Tumeipokea kutoka Kiingereza, lakini Kiingereza nacho kiliipokea kutoka Kiskandinavia cha kale, ambako *öxull* ni mhimili wa gurudumu. Katika Kinorwei cha leo mhimili huo huitwa *aksel*, na jina la mtu nalo huandikwa Axel au Aksel. Maneno mawili yasiyo na undugu wowote, moja likitoka kwa Waebrania na jingine likiwa la kaskazini tangu zamani, yamefikia sauti moja katika lugha moja. Basi hata Mnorwei asiyejua historia ya mchezo huu angeweza kufikiria kama ulivyofikiria wewe. Sikio lako lilisikia sawasawa, ila katika maneno mawili yanayofanana likachagua lile la mashine.

Ni hatari iliyowahi kutokea kwingine katika mchezo huu huu. Warusi walipolipokea jina tolupu, lililotoka Kiingereza kwa maana ya lupu inayorukwa kwa kidole cha mguu, walilitamka *tulup*, na katika lugha yao *tulup* ni koti zito la ngozi ya kondoo. Mpaka leo mtangazaji wa Kirusi husema mchezaji ameruka *tulup*, na hakuna anayedhani kwamba koti lina sehemu katika jambo hilo. Lakini mfasiri ambaye angetoa Kirusi kuingia Kiswahili bila kuujua mchezo angeweza kuandika "mruko wa koti", na angekuwa na kamusi ya kumtetea.

MfasiriWaMichezo anajibu:

Nawashukuru sana nyote. Nimekwisha kufuta ekseli katika kurasa zote, na ile hesabu ya miaka nimeinakili katika daftari langu.

Limebaki jambo moja. Maandishi yangu yana pia Salchow na Lutz, na nikiangalia naona hayo ni majina ya ukoo. Kwa nini Paulsen aitwe kwa jina lake la kwanza na wengine kwa majina ya ukoo? Nilikuwa nafikiria kuandika "mruko wa Paulsen" ili yote yalingane.

MakaliYaNje anajibu:

Tafadhali usiandike hivyo. Hakuna msomaji wala mtazamaji atakayeelewa unazungumzia nini, kwa kuwa katika lugha zote za mchezo huu mruko ni Axel.

ShinaLaNeno anajibu:

Zamani mruko huo uliitwa kwa jina lake zima, Axel Paulsen, na mchezaji alisemekana "ameruka Axel Paulsen". Jina refu likitajwa kila siku uwanjani hukatwa, na hapa kilichobaki ni nusu ya kwanza. Kwa hiyo ukikuta katika maandishi ya miongo ya zamani maneno Axel Paulsen mahali ambapo ni wazi hazungumziwi mtu, ujue ni mruko.

Wengine walipewa majina ya ukoo tangu mwanzo. Ulrich Salchow alikuwa Mswidi aliyezaliwa mwaka 1877 mjini Copenhagen, mji ule ule wa Absalon. Aliuruka mruko wake mwaka 1909, akatwaa ubingwa wa dunia mara kumi na dhahabu ya Olimpiki ya London mwaka 1908, kisha akaliongoza shirikisho la kimataifa la mchezo huu kuanzia mwaka 1925 hadi 1937. Katika kulitamka jina lake kuwa mwangalifu, kwa sababu msomaji wa Kiswahili ataisoma "ch" kama ilivyo katika "chai", ilhali hapa inatamkwa "k". Kama maelezo yako yatasomwa kwa sauti, mwambie msomaji mapema. Alois Lutz alikuwa wa Austria, na mruko wake ni wa mwaka 1913.

Lupu ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Aliyeibuni ni Mjerumani Werner Rittberger, mwaka 1910. Wajerumani na Warusi huuita mruko huo Rittberger hadi leo, lakini wanaotumia Kiingereza hutumia neno la kitanzi tu, na kwa njia hiyo jina la mwenyewe limepotea kwa sehemu kubwa ya dunia. Mimi naona ni dhuluma ndogo, na ningefurahi kama Kiswahili, ambacho ndiyo kwanza kinajijengea istilahi za mchezo huu, kingeandika Rittberger. Bruce Mapes wa Marekani, aliyebuni tolupu katika miaka ya 1920, amepata bahati nusu: kwenye barafu hatajwi, ila wanaoteleza kwa viatu vya magurudumu huuita mruko huo Mapes.

KochaWaBarafu anajibu:

Nakubaliana na mwalimu ShinaLaNeno katika yote isipokuwa Rittberger. Haki ya mtu ni jambo zito, lakini mtazamaji anayesoma tafsiri ya ndugu yetu atakuwa pia anazitazama karatasi za alama, na humo mruko umeandikwa Lo, si R. Kila mruko una kifupi chake: T kwa tolupu, S kwa Salchow, Lo kwa lupu, F kwa flipu, Lz kwa Lutz, A kwa Axel. Mbele ya herufi huwekwa idadi ya mizunguko. Tangu mwaka 2018 kuna pia Eu, yaani Euler, mruko mdogo wa mzunguko mmoja unaounganisha miruko miwili mikubwa, ambao zamani ulijulikana kama nusu lupu na ambao wengine huuita Thorén kwa heshima ya Mswidi Per Thorén. Ushauri wangu ni kuandika lupu katika maelezo yote, na kumtaja Rittberger mara moja, mwanzoni, kwa jina lake kamili na mwaka wake.

ShinaLaNeno anajibu:

Hoja ya karatasi za alama ina nguvu. Naikubali, mradi jina lake litajwe hiyo mara moja.

MfasiriWaMichezo anajibu:

Nitafanya hivyo, na Rittberger atakuwa katika ukurasa wa kwanza. Swali la mwisho kabisa, kocha: karatasi zikiandika 3A, niandike "Axel ya mizunguko mitatu" au "Axel ya mizunguko mitatu na nusu"? La kwanza si kweli kwa hesabu uliyonifundisha, na la pili ni refu kwa maandishi ya chini ya picha.

KochaWaBarafu anajibu:

Andika "Axel tatu". Wachezaji na waamuzi hawaitaji nusu, kwa kuwa ukishasema Axel umekwisha kuisema. Ielezee katika ukurasa ule ule wa kwanza, karibu na Rittberger. Tena usilifute neno "mhimili" popote lilipo, maana mchezaji akiwa hewani huuzunguka mhimili wake kweli, na mhimili ukiinama hata kidogo hatui. Nilichotaka kiondoke ni ekseli peke yake.